Siku moja maishani mwangu: wakala wa meli zilizotia nanga

Saa 12 asubuhi

Leo Alhamisi, 29 Aprili 2021, kazi imeniwahi kitandani. Jana CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, iliziandikia barua kampuni za meli za kitalii, na hadi kunapambazuka kila mteja wangu niliyemkatia nafasi kwenye meli hizo alikuwa ameshasoma kichwa kimoja cha habari: meli zinarudi katikati ya Julai. Simu imejaa jumbe. "Umeona?" "Kwa hiyo yetu ya Agosti ipo?" "Nilipe salio?" Mmoja katuma picha ya meli tu, bila neno.

Simjibu mtu kabla sijaisoma barua yenyewe. Tangu Machi mwaka jana, safari zote ziliposimama kwa janga la UVIKO-19, nimezoea kuona kichwa cha habari kikisema hili na maandishi ya chini yakisema lile. Barua haisemi kwamba meli zinarudi. Inasema zinaweza kurudi katikati ya Julai, masharti yakitimizwa. Meli ambayo asilimia 98 ya wafanyakazi na asilimia 95 ya abiria wamekamilisha chanjo inaruhusiwa kuanza bila safari ya majaribio. Isiyofika hapo, kwanza ipakie watu wa kujitolea, izunguke nao baharini, ionyeshe kwamba mgonjwa akitokea inajua la kufanya. Halafu kuna hili ambalo magazeti yamelipita haraka: maombi yaliyokuwa yasubiri hadi siku 60 kujibiwa, sasa CDC inasema itayajibu ndani ya siku 5.

Mimi kilichonifurahisha ni hizo siku 5. Julai ni matumaini tu, lakini afisa anayejibu barua ndani ya wiki ni dalili kwamba kuna mtu ofisini anataka jambo liende.

Saa 2 asubuhi

Nafungua jedwali. Lina majina, meli, namba za kabini, bandari, lakini asubuhi macho yangu huenda kwenye safu moja: tarehe ya malipo ya mwisho. Wateja huhesabu siku za kuondoka. Mimi nahesabu siku za kulipa, kwa sababu hapo ndipo hela hubadilika tabia.

Mambo yako hivi. Ukikata nafasi unatoa arbuni. Salio unalimaliza kama siku 90 kabla ya safari, tarehe ikitegemea kampuni na urefu wa safari. Kabla ya hapo, arbuni ikiwa ya kurejeshwa, unajitoa bila hasara. Baada ya hapo kila wiki ukighairi wewe, fungu linalokatwa linazidi kukua. Lakini ikighairi kampuni, unarudishiwa chako chote, au unapewa krediti ya safari nyingine, na kuna kampuni zilizofikisha krediti hiyo asilimia 125 ya ulicholipa ili usidai taslimu. Kwa hiyo mwaka mzima huu ushauri wangu umekuwa uleule, na umeniletea lawama: usikimbilie kughairi. Mwache mwenye meli aghairi yeye.

Ushauri huo una mwisho, nao unaitwa siku ya tisini. Safari ya 31 Julai, salio lake ni 2 Mei. Yaani Jumapili hii.

Saa 3 asubuhi

Wa 31 Julai anapiga mwenyewe. Ni mama mstaafu, kabini yenye roshani, anaondokea Miami.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia meli zinarudi. Nilipe au nisilipe?"

Namweleza taratibu. Meli yake haijapata cheti cha CDC cha kuiruhusu kubeba abiria. Inaweza kukipata kabla ya Julai kwisha, inaweza isikipate. Kampuni inamruhusu kuihamishia safari mwakani kwa nauli ileile, mradi iwe na siku zilezile, aina ileile ya kabini, na tarehe isipishane na ya sasa kwa zaidi ya wiki nne. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo ofa nzuri kuliko zote zilizoletwa na janga hili, maana nauli za 2022 zimeshapanda.

"Mwakani nitakuwa nakaribia themanini," ananiambia. "Wewe unanipangia mwakani kama vile unaishika mkononi."

Hapo nabadilisha swali. Kama meli itaondoka, hakuna wa kumjibu, si mimi wala nahodha. Namuuliza hivi: mama, ukilipa Jumapili, kisha kampuni ighairi Julai, unaweza kukaa miezi kadhaa bila hiyo pesa? Mwaka jana kuna waliosubiri marejesho hadi wakachoka kupiga simu.

"Hiyo pesa sina haraka nayo. Nina haraka na bahari."

Basi analipa. Sikumshawishi wala sikumkataza. Nimemwomba alipe kwa kadi ya benki, si kwa hundi, kwa kuwa malipo ya kadi yana njia ya kudaiwa kupitia benki mambo yakiharibika.

Saa 4 hadi saa 6

Muziki wa kusubirishwa. Naomba nisiseme ni wa kampuni gani, ila nimeukariri.

Nina mume na mke ambao safari yao ilighairiwa mara mbili, na kila safari iliacha krediti yake. Watu hudhani krediti ni kama hela kwenye akaunti ya pamoja. Sivyo. Kila abiria ana yake, kwa jina lake, na mara nyingi mke hawezi kuikopesha kwa mume. Ile nyongeza ya asilimia 25 juu ya ulicholipa hairudi kuwa taslimu hata kidogo. Nayo kodi na ada za bandari hurudishwa pembeni, kwenye kadi iliyolipia, kwa sababu meli haikutia mguu kwenye bandari hizo. Kwa hiyo mteja anaona kiasi kidogo kimeingia benki, anadhani ndiyo marejesho yote, anakasirika, ananipigia mimi.

Binti aliyepokea hatimaye ni mpole na amechoka. Mfumo wake unaonyesha krediti ya mke na hauoni ya mume. Namsomea namba ya safari ya kwanza, kisha ya pili, tarakimu kwa tarakimu. Kimya. Anaandika. "Nimeiona, ilikaa kwenye jina lenye herufi moja pungufu." Dakika nyingi za maisha yetu sote wawili kwa sababu ya herufi moja. Nimemshukuru kwa dhati, maana wenzake wengi wameachishwa kazi na waliobaki wanabeba mzigo wa wote.

Hawa wawili fungate yao ilikuwa kwenye Carnival Fantasy na kila mara huniuliza kama itarudi. Nilishawaambia kwamba haipo tena, ilipelekwa Aliaga, Uturuki, ikavunjwa kuwa vyuma chakavu mwaka jana. Ilianza kazi 1990. Janga liliharakisha mazishi ya meli kadhaa za rika lake, kwa sababu meli iliyotia nanga bila abiria bado inakula mafuta, wafanyakazi na matengenezo.

Saa 7 mchana

Alaska. Nitakuwa mfupi kwa sababu sina cha kuuza. Canada imefunga bandari zake kwa meli za kitalii hadi 28 Februari 2022. Wateja wanauliza Canada inahusikaje na safari ya kutoka Seattle kwenda Alaska, ambazo zote ni Marekani. Inahusika kwa sheria ya 1886: meli ya bendera ya kigeni, na karibu meli zote kubwa za kitalii zina bendera ya kigeni, haiwezi kubeba abiria kati ya bandari za Marekani bila kugusa nchi nyingine njiani. Nchi ya kugusa huko juu ni Canada. Bungeni Washington kuna wanaotaka sheria hiyo ilegezwe kwa muda. Nimewaambia wenye nafasi za Julai wasinunue tiketi za ndege zisizorejeshwa, basi.

Saa 8 mchana

Familia ya watu wanne, watoto wa miaka 8 na 11. Baba ndiye mwenye ile picha ya meli bila neno. Nikampigia.

"Kaka, habari za huko?"

"Nzuri ndugu yangu. Hii asilimia 95 ina maana na sisi tumo?"

Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa leo. Kwa sasa chanjo hapa Marekani ni za kuanzia miaka 16. Chukua meli ya abiria 4,000: asilimia 5 ni watu 200. Hao 200 ndio nafasi yote ya watoto, pamoja na watu wazima wasiochanjwa. Wakati wa likizo meli ya kifamilia hujaza watoto kuliko hao kabla hata mabwawa hayajafunguliwa. Kwa hiyo ama kampuni ipunguze watoto, ama ipite njia ya safari ya majaribio, na hakuna iliyotangaza bado itachagua lipi.

Tena kuna Florida. Tarehe 2 Aprili gavana alitia saini amri inayokataza biashara kumdai mteja uthibitisho wa chanjo. Siku chache baadaye, tarehe 8, jimbo likaishtaki CDC mahakamani kwa amri yake inayozibana meli hizi. Miami, Port Everglades na Port Canaveral zote ziko huko. Mkubwa mmoja anamwambia mwenye meli ahakikishe abiria wamechanjwa, mwingine anamwambia asiwaulize. Wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi, na leo nyasi ni mtoto wa miaka 8 anayetaka kuteleza kwenye maji.

Nikampa njia ya pembeni. Royal Caribbean wanaipeleka Adventure of the Seas Nassau, Bahamas, ianzie huko 12 Juni. Haipakii abiria bandari ya Marekani, kwa hiyo amri ya CDC haiigusi. Sharti lao ni kwamba wa miaka 18 na zaidi wawe wamechanjwa, watoto waje na kipimo kisicho na virusi. Celebrity nao wanafanya vivyo hivyo kutoka St. Maarten kuanzia 5 Juni. Ubaya wake ni nauli ya ndege ya watu wanne juu ya nauli ya meli. Amesema atazungumza na mwenzake.

Saa 10 jioni

Sasa raha yangu. Dada mmoja anataka safari ya 2022, mara yake ya kwanza, na anaogopa kichefuchefu. Yeye si peke yake anayekimbilia mwakani: mwanzoni mwa mwezi huu Carnival Corporation walitangaza kwamba nafasi zilizokatwa kwa 2022 zimeipita hata 2019. Watu wenye krediti lazima wazitumie mahali.

Natandaza ramani ya meli, sitaha moja moja. Kwa mwenye kichefuchefu nashuka chini na kuja katikati, maana meli huyumba zaidi kwenye ncha na huko juu. Sitaha ya 6 kuna kabini katikati kabisa, bei nzuri, lakini juu yake ni mgahawa. Usiku wa manane viti vinaburutwa. Ile ya pili yake ina mlango wa kuungana na jirani, na milango hiyo hupitisha kila neno. Ya tatu ina dirisha, ila ukisoma herufi ndogo unakuta boti la uokozi mbele yake, utakuwa unatazama rangi ya chungwa wiki nzima. Sitaha ya 7 nimepata moja iliyobanwa kati ya kabini juu na kabini chini, hatua chache kutoka kwenye lifti bila kuelekeana nayo. Hiyo.

Alitaka usiku 10. Nikamshauri asikate zaidi ya 7 mpaka tujue, kwa kuwa amri ya sasa ya CDC inazifunga safari kwenye siku 7. Inaweza kuwa imeondolewa mwakani, lakini kabini nzuri za siku 7 zipo leo.

Saa 12 jioni

Barua pepe moja kwa wateja wote, aya tatu, bila neno "hatimaye". Nimeeleza barua ya CDC inasema nini, nani asilipe kitu wiki hii, na nani anipigie kabla ya Jumapili.

Mwenzangu wa kazi kauliza kwenye kundi nani ameona kamisheni mwezi huu. Kimya kikatanda. Sisi hulipwa mteja akishamaliza malipo, kwa kampuni nyingine hadi meli iondoke kabisa. Kuhamisha safari moja mara tatu ni kazi ya mara nne na malipo ya mara moja, yakija. Ulaya angalau kuna mwendo: MSC Grandiosa ilishaanza Genoa Agosti mwaka jana, na keshokutwa Costa Smeralda inarudi kazini kutoka Savona. Wateja wangu, hata hivyo, hawapandii huko.

Saa 3 usiku

Baba wa wale watoto kaandika: "Mama watoto kasema Nassau."

Nimepata kabini mbili zilizoungana, na hapa ule mlango nilioukataa jioni ndio hasa unaotakiwa. Kampuni imekubali kunishikia hadi kesho jioni bila arbuni. Nikamwomba anitumie pasipoti zote nne. Zimekuja tatu. Ya mdogo iliisha muda wake Februari, wao wakadhani cheti cha kuzaliwa kingetosha, kama safari ile ya zamani walipoondokea na kurudi Miami. Wakati ule kilitosha kweli. Kwa ndege ya kwenda Nassau hakitoshi, na pasipoti mpya siku hizi zinachelewa.

Nimemwandikia: kesho asubuhi, kabla ya kunipigia mimi, ipigie ofisi ya pasipoti uulize huduma ya haraka. Kabini nimezishika. Wakikupa tarehe ya baada ya Juni, tutazungumza Agosti.