Siku moja maishani mwangu: najenga nyumba ya magogo Mufindi

Saa 11:20 alfajiri

Huku Mufindi mwezi wa Saba jogoo hana kazi. Baridi ya miguuni ndiyo inayokuamsha. Kabla ya chai, kabla ya simu, natoka nje kusikiliza bati: usiku kulinyesha, au ni umande tu? Matone mawili matatu, kisha kimya. Ni ukungu. Nashukuru, maana jana tulifunika ukuta kwa turubai lenye tundu na nimelala nikiuwaza upande wa kusini.

Mimi ni seremala. Nilisomea mambo ya viwanda vya misitu Moshi, nikapasua mbao miaka kadhaa, na sasa najenga nyumba za magogo. Sisemi mbao zilizopigiliwa kwenye fremu. Nasema magogo mazima, ya duara, yaliyolazwa moja juu ya jingine na kuumana kwenye kona. Watu wakisikia nyumba rafiki kwa mazingira wanadhani kazi yangu ni kufunga sola. Sola ipo, na itafungwa ndani ya siku mbili. Miezi iliyobaki yote ni kupigana na maji.

Saa 12:40

Njia ya Mgololo, kuelekea Sawala. Tunapishana na malori ya mbao yanayoshuka Mafinga kuitafuta barabara kuu ya Dar es Salaam. Nyuma yetu ni shamba la miti la Sao Hill, lile la TFS, wakala wa serikali wa misitu, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini. Majaribio ya kupanda yalianza 1939. Pembeni, kila kilima kina kipande cha paini au milingoti ya mtu binafsi, na kila baada ya kilomita chache unasikia dingdong, mashine ndogo ya kupasulia mbao, ikilia bondeni.

Paini zangu nilizipata kwa mkulima mmoja, kilomita 12 kutoka eneo la ujenzi. Nilimtafuta muda mrefu. Wakulima wengi hukata mti ukiwa na miaka minane au kumi kwa sababu ada ya shule haisubiri, nami siwalaumu. Lakini mti mchanga hunywea vibaya, hujipinda, na mwingine husokotwa ndani kama nguo inayokamuliwa. Yeye alikuwa na miti ya miaka 22 aliyoachiwa na baba yake. Nilipita mti mmoja mmoja nikilaza kiganja kwenye shina kufuata mstari wa nyuzi. Uliosokotwa niliuacha. Kati ya kila kumi nilichukua sita.

Tulikata kiangazi cha mwaka jana, tukabandua magome wiki ileile. Gome likikaa, wadudu wanaingia chini yake na mti unaanza kugeuka buluu. Kisha tukapaka dawa ya wadudu na kuvu, boraksi iliyochanganywa na asidi ya boriki, tukiwahi magogo yangali mabichi, kwa kuwa dawa hiyo hupenya ndani kwa kufuata unyevu. Kasoro yake ni moja: mvua huiosha. Kwa hiyo magogo yamekaa bandani tangu hapo, na paa la nyumba hii litatokeza sentimita 90 nje ya ukuta pande zote.

Saa 1:30 asubuhi

Vijana wangu wanne wameshafika. Tunasalimiana kamwene, kamwene, mikono mifukoni. Tundu la turubai limepitisha maji kidogo, lakini yameangukia gogo la juu na kukauka juujuu. Nachoma kipima unyevu: asilimia 19 karibu na uso, 25 sindano zikiingia ndani. Chini ya 20 kuvu hawapati pa kuishi, kwa hiyo nje pametulia. Ndani bado.

Ukuta umefika safu ya tatu, juu ya msingi wa mawe wenye kimo cha sentimita 60. Kati ya mawe na gogo la kwanza kuna nailoni ya kuzuia unyevu, na juu yake bati lililokunjwa kuelekea chini kama ukingo wa kofia. Bati hilo halimuui mchwa. Linamlazimisha kuzunguka kwa nje, na akizunguka lazima ajenge kichuguu chake cha udongo mahali ambapo mwenye nyumba anakiona na kukifagia.

Saa 2 hadi saa 6

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, na ndiyo inayonitoa jasho kwenye baridi.

Gogo la safu ya nne, upande wa kaskazini, mita tisa. Upande huu ndio wenye sebule na madirisha makubwa, kwa sababu miezi ya baridi jua la kwetu linapita kaskazini. Ramani ya kwanza ya mwenye nyumba ilikuwa imeyaelekeza kusini, kwenye mandhari ya chai, na tulibishana wiki nzima. Tunalipandisha gogo na kuligeuza: kama la chini lina shina, ule upande mnene, mashariki, hili shina liwe magharibi, la sivyo ukuta unapanda upande mmoja.

Likishatulia nalikamata kwa vyuma vya kucha mbili na kuchukua bikari. Ni bikari kama ya mtoto wa shule, ila kubwa, ina kalamu upande mmoja na vipovu viwili vya pima maji juu yake. Natafuta mahali palipo na mwanya mkubwa kuliko pote kati ya magogo mawili, naitanua bikari kwa kipimo hicho, kisha natembea nayo mita tisa, taratibu, mguu wa chini ukifuata kila nundu na kila kifundo cha gogo la chini huku kalamu ikichora nundu hizohizo kwenye gogo la juu. Ukipumua vibaya kipovu kinahama. Nikichora simjibu mtu, hata akiwa mwenye hela.

Kisha tunalipindua. Kijana wa chensoo anachimba mfereji kati ya mistari miwili, mimi namalizia kwa tezo na patasi. Kwenye kona tunachonga umbo la tandiko; vijana wanaliita kikombe. Kikombe hicho huchongwa chini ya gogo la juu, kikitazama ardhi. Ukikichonga juu ya gogo la chini umetengeneza bakuli, maji yatakaa humo na baada ya miaka michache kona yako itakuwa unga.

Mfereji wenyewe tunaujaza singa za katani zilizolowekwa boraksi na kukaushwa. Wenzetu wa nchi za baridi hutumia sufu ya kondoo, na sisi tuna katani. Na kabla gogo halijafunikwa, tunapitisha msumeno mgongoni mwake mstari mmoja mrefu. Gogo la duara lazima lipasuke likikauka, haliombi ruhusa. Ukilipa njia juu, litapasukia pale, na gogo linalofuata litauficha ule ufa.

Kazi hiyo yote, gogo moja. Kuna watakaosema mafundi wa matofali wangekuwa wamefika usawa wa linta.

Saa 7 mchana

Mama anayetupikia ameleta ugali, maharage na mboga ya maboga. Nakuta kijana mpya amechochea moto wa chai kwa vipande vya nguzo ya umeme, vile vyenye rangi ya kijani, alivyovikuta kando ya njia. Nimemwaga chai yote na kuzika majivu. Amenuna, nikakaa naye. Nguzo zile hutiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Ikiwa imesimama barabarani inafanya kazi yake. Ukiichoma, aseniki inaingia kwenye moshi na majivu. Ndiyo maana pia siitumii dawa hiyo kwenye ukuta ambao mtoto ataegemea akinywa uji.

Saa 8:30

Dada mwenye nyumba amefika, na leo amekuja na baba yake. Shikamoo mzee. Marahaba. Mzee amezunguka ukuta mara mbili, mikono nyuma, kisha akasema alichokuwa amekibeba tangu nyumbani.

"Fundi, mimi nilitoka kwenye nyumba ya miti nikiwa kijana. Nikafyatua tofali, nikachoma tanuru langu, nikajenga. Sasa binti yangu amesoma, anarudi kwenye miti?"

Nimemuuliza tanuru lile lilikula kuni kiasi gani. Akacheka. Mti wote wa shamba la mjomba wake, kasema, na bado tofali za pembeni zilitoka mbichi.

Nikamfanyia hesabu kwenye kipande cha ubao. Kuta hizi zitachukua kama mita za ujazo 22 na nusu za magogo. Ukichukulia kilo 400 za mti mkavu kwa mita moja, ni tani 9. Nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni, yaani tani 4 na nusu, na kaboni hiyo mti uliivuta kutoka hewani ikiwa tani 16 na nusu za hewa ukaa. Itakaa ukutani kwa muda wote nyumba itakaosimama. Nikaondoa hapohapo mafuta ya lori, ya chensoo, na mifuko ya saruji iliyoingia kwenye msingi, maana sipendi hesabu ya kujipendelea. Na mkulima lazima apande tena, vinginevyo tumehamisha msitu tu.

"Itaoza," mzee akasema.

Nikamwambia Urusi, kwenye kisiwa cha Kizhi, kuna kanisa la magogo lenye kimo cha mita 37 lililojengwa 1714, na limesimama hadi leo, ingawa mafundi wamelikarabati na kubadilisha magogo mabovu. Hakuvutiwa sana na Urusi. Kilichomvuta ni banda letu la zana.

Banda hilo tulilijenga Oktoba kwa magogo mabichi, vijana wajifunze kwa kukosea. Mlango wake una kimo cha mita 1.8, na juu ya fremu niliacha uwazi wa sentimita 11. Mzee ameuona uwazi akadhani fundi alikosea kipimo. Nikamwonyesha alama za penseli kwenye fremu, kila moja na tarehe yake. Uwazi ulikuwa 11, ukawa 9, ukawa 7, leo ni 5.

"Nyumba inashuka?"

Inashuka, mzee. Gogo likikauka linakonda, na magogo kumi yaliyokonda ni ukuta mfupi zaidi. Ukuta wa magogo mabichi unaweza kupoteza hadi sentimita sita kwa kila mita. Haya ya nyumba yamekauka kiasi, kwa hiyo juu ya milango naacha saba, uwazi unajazwa katani na kufunikwa ubao uliopigiliwa upande mmoja tu ili ukuta uteleze nyuma yake. Lakini gogo likisimama wima halifupiki kwa kiasi cha kuonekana. Nguzo za baraza zitabaki na urefu wake wakati kuta zinashuka, ndiyo maana chini ya kila nguzo kuna jeki ya skrubu ya kulegeza kidogokidogo.

Najua hili kwa aibu. Nyumba yangu ya kwanza ya magogo, kijumba cha wageni, nilibana fremu zote vizuri kama nilivyozoea kwenye tofali. Msimu wa kwanza wa kiangazi vioo viwili vilipasuka, mlango wa nyuma ukagoma kufunguka na paa likabaki limening'inia kwenye nguzo za baraza, kuta zikiwa zimeliacha. Nilirudi kurekebisha kwa gharama yangu. Mke wangu anaikumbuka gharama hiyo kuliko mimi.

Mzee amechukua penseli yangu, akavaa miwani, akaandika tarehe ya leo pembeni ya alama ya 5. Hakusema kitu kingine.

Saa 10 jioni

Kulirudisha gogo mahali pake, kwa cheni bloku na kamba mbili. Limekaa, ila kona ya mashariki imebaki imeinuka sentimita moja. Kifundo kimoja tulikisahau. Juu tena, patasi, chini. Mara ya pili karatasi haipiti kwenye kiungo. Vijana wamepiga makofi, nami nimejifanya kuangalia saa.

Saa 12 jioni

Turubai, safari hii limezibwa tundu. Manyunyu yameanza. Paa likiwepo, mita za mraba 110 zitavuna lita 110 kwa kila milimita ya mvua, na huku mvua si ya kubembelezwa. Leo inalowesha vijana tu. Wawili wameagana nasi mapema. Kuna mahali wanajua pana ulanzi, pombe ya mianzi.

Saa 2 usiku

Utomvu wa paini hautoki kwa sabuni. Nimekaa jikoni nasugua viganja kwa mafuta ya alizeti ndipo simu ikalia. Dada mwenye nyumba. Anaomba dirisha la jikoni lisogee nusu mita kushoto, baba yake amesema kutoka pale lilipo mtu hatamwona anayeingia getini.

Dirisha linaanza safu ya tano. Safu ya tano ni kesho, saa mbili chensoo inapita pale. Nimefuta kidole kimoja kwenye suruali na kumwandikia: nitumie mchoro kabla ya saa moja asubuhi.