Wiki Tuliyokisubiri Kifafa

Mwaka 2014, katika hospitali ya Sree Chitra mjini Thiruvananthapuram, kusini kabisa mwa India, mimi na mdogo wangu tulikaa chumbani tukisubiri aanguke. Madaktari walikuwa wamempunguzia kabamazepini, dawa yake ya kifafa, na kumsimamishia dawa ya pili kwa makusudi. Kichwani alibandikwa nyaya kwa gundi, zikakusanywa kisogoni na kufungwa bendeji, na ukutani kamera ilimrekodi usiku na mchana. Tangu akiwa na miaka minane, nyumbani kwetu Tanga kila dua ilikuwa kifafa kisije. Sasa tulikitaka kije, tena kije zaidi ya mara moja, ili mashine ionyeshe kinaanzia wapi kwenye ubongo.

Picha za ubongo za MRI zilikuwa zimeshatoa fununu. Daktari alituonyesha sehemu iliyo ndani, usawa wa sikio, inayoitwa hipokampasi. Ya kulia ilikuwa imejaa vizuri. Ya kushoto ilikuwa imesinyaa na inang'aa isivyo kawaida. Akauliza kama mdogo wangu aliwahi kupata degedege la muda mrefu utotoni.

Nilimpigia mama. Hakuningoja nimalize swali. Mtoto alikuwa na mwaka na nusu, wako shamba upande wa Pangani, masika imechachamaa. Malaria ikampanda, akakakamaa akiwa mgongoni, na degedege halikumwachia hadi walipofika hospitali, zaidi ya nusu saa. Baada ya hapo alipona, akakua, akaanza shule kama wenzake. Daktari alisema mara nyingi mambo huenda hivyohivyo: degedege refu huacha kovu, na kovu linaweza kukaa kimya miaka mingi kabla ya kifafa kuanza.

Nikamweleza mama hayo yote. Akanyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo si lile la mbuyuni?"

"Silo, mama. Ni ile homa."

Nikamsikia analia. Kwa miaka yote ile kuna watu wa ukoo walioshikilia kwamba ni yeye aliyempitisha mtoto chini ya mbuyu saa za magharibi, jini likamkumba. Mdogo wangu alifukizwa, akachanjwa chale, akavalishwa hirizi. Waliompeleka kwa waganga sina kinyongo nao, walihangaika kwa mapenzi. Wanaoniuma hadi leo ni wale waliosimama pembeni siku aliyoangukia jiko la mkaa, mkono unaungua, wanaogopa kumgusa eti povu lake linaambukiza. Kifafa hakiambukizi. Ningependa hilo liandikwe kwenye kila ukuta wa mji ule.

Kilikuja alfajiri moja. Nilikuwa nimejinyoosha kwenye benchi la msindikizaji nikamsikia, "Dada, inapanda." Ndivyo alivyokuwa akisema siku zote. Kuna kitu huanzia tumboni kikapanda hadi kooni, na baada ya hapo hayupo. Nikabonyeza kengele. Macho yalikuwa wazi lakini hayanioni. Akawa anatafuna hewa, mkono wa kushoto unachezea shuka, unaikunja na kuikunjua, na wa kulia umekakamaa, vidole vimejipinda. Muuguzi akaingia mbio, akafunua shuka ili kamera ione mwili mzima, akainua kalamu na kuniashiria niulize kwa Kiswahili.

"Mdogo wangu, hiki nini?"

Aliitazama. Midomo ilitulia, uso ukarudi, akawa ananijua kabisa na hata kunishika mkono, lakini neno halikuja. Zilipita dakika kadhaa ndipo akasema, "Kalamu." Baadaye tuliambiwa kwamba kule kuchelewa kusema kulikuwa ushahidi mwingine wa upande wa kushoto, upande wenye lugha kwa watu wengi. Muuguzi alifurahi, na mimi nilifurahi. Nikatoka ukumbini nikaegemea ukuta na kulia, maana sikuwa nimewahi hata kuwaza kwamba iko siku nitashukuru mdogo wangu kuanguka.

Upande huo wa kushoto ndio uliotutia hofu, kwa sababu ndio unaobeba sana kumbukumbu ya maneno, na mdogo wangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Qur'ani, watoto wa mtaa wanasoma kwake, na kifuani amehifadhi juzuu kadhaa. Mwanasaikolojia alimpima kwa orodha ya maneno, na mimi nikawa mkalimani. Nilimsomea: nanasi, ngazi, barua, mvuvi, na mengine. Baada ya nusu saa akatakiwa kuyataja. Akataja mawili. Nilikuwa nayo yote mdomoni na siruhusiwi hata kupepesa jicho. Mwanasaikolojia yule akatuliza mioyo yetu: sehemu ile ilikuwa imeshadhoofika, kwa hiyo cha kupoteza kilikuwa kidogo kuliko kwa mtu mwenye hipokampasi nzima.

Siku ya kuamua, daktari hakuficha kitu. Dawa mbili zilizochaguliwa vizuri zikishindwa, alisema, uwezekano wa nyingine kukizima kabisa ni mdogo, na karibu theluthi moja ya wenye kifafa ndivyo walivyo. Akatutajia utafiti wa Kanada uliochapishwa 2001: wagonjwa 80 wa kifafa cha aina hii, nusu wakapangiwa upasuaji, nusu wakaendelea na dawa. Baada ya mwaka, 58% ya kundi la upasuaji hawakuwa tena na kifafa cha kuwapotezea fahamu. Kundi la dawa, 8%.

"Na kufa?" mdogo wangu aliuliza.

"Chini ya mmoja kati ya mia."

"Na Qur'ani yangu?"

Daktari akasema cha zamani kwa kawaida hubaki, kuhifadhi kipya ndiko kunakoweza kuwa kugumu, na huenda kona ya juu ya kulia ya macho yake ikapungua kuona. Mdogo wangu akanigeukia. "Mwambie, dada, kwamba hata hivi nilivyo nasahau. Kila nikianguka kuna siku inapotea. Mwambie afanye."

Fedha zilitoka kwa mjomba wetu wa Muscat na kwa shamba la minazi.

Upasuaji ulianza asubuhi ukaingia alasiri. Katika kungoja nilisoma habari za Victor Horsley, daktari mpasuaji Mwingereza, aliyempasua kijana wa miaka 22 London tarehe 25 Mei 1886. Kijana yule aligongwa na gari la farasi Edinburgh akiwa mtoto, fuvu likabonyea, na kifafa kikamjia miaka baadaye. Horsley aliondoa kovu. Nilijikuta namfikiria mama wa kijana yule, kama naye kuna waliomwambia ni yeye aliyesababisha.

Walimtoa chumba cha upasuaji, jicho la kushoto limevimba limefumba, mshono umejipinda kutoka mbele ya sikio hadi juu ya paji. Msuli wa taya ulikuwa umekatwa, mdomo ulifunguka kiasi cha kuingiza kijiko tu, akawa anakunywa uji wa mchele, ambao kule Kerala huuita kanji. Kijiko chenyewe alikiita "kile cha kunywea" siku kadhaa. Lakini usiku wa pili, bila kuombwa, alianza kusoma sura ya Tabaraka. Nilifuatisha aya kwa aya kwenye simu, kidole kinatetemeka, hadi aliposema neno la mwisho.

Daktari hakusema kweli nusu. Kuhifadhi kipya kumekuwa kazi, na majina ya wanafunzi wapya huyaandika kwenye daftari. Mbao za madirisha yaliyofunguliwa upande wa kulia zimeshamgonga. Dawa aliendelea nazo, ya pili ikaondolewa polepole baada ya miaka miwili bila kuanguka, na ya kwanza bado anaimeza.

Vita ilikuwa na mama. Tangu utotoni mlango wa chumba cha mdogo wangu haukuwa na komeo, na wa bafuni ulifungwa kwa pazia. Mwaka wa pili baada ya upasuaji alikuja na fundi.

"Na ukianguka mle ndani?" mama akauliza.

"Mama, mimi ni mtu mzima. Nataka kuoga nimefunga mlango."

Wakabishana kutwa. Fundi alitia makomeo mawili, na moja la bafuni mama alitaka liwe lile linalofunguka pia kwa nje. Walikubaliana hivyo.