Mkono wa Bibi

Kwa miaka mingi bibi yangu aliishi na gego bovu la chini, akilituliza kwa punje za karafuu, kwa sababu ya kauli moja aliyoambiwa katika kliniki ambayo sitaitaja. Huko koleo liliingia kinywani kabla ganzi haijashika, naye alipopiga kelele akaitwa mtu mzima hovyo. Kwa mwanamke wa Tanga ambaye vijana wa mtaa mzima humwamkia, neno hilo liliuma kuliko jino lenyewe, na akaapa kwamba hakuna daktari atakayemgusa kinywa tena.

Shavu lilipovimba hakuwa na ujanja, nikampakia kwenye bajaji hadi kliniki nyingine, huku Ngamiani. Daktari, kijana wa umri wa wajukuu zake, alisimama, akasema "Shikamoo, bibi," akangoja aitikiwe "Marahaba, mwanangu," ndipo akamwonyesha kiti. Alifunga mlango, akamwachia muuguzi wa kike amsaidie kulegeza ushungi, kisha akauliza kwa sauti ya chini kuhusu presha, kisukari na dawa anazotumia. Nalitaja hili kwa sababu maswali hayohayo nimewahi kuyasikia yakiulizwa mapokezini mbele ya foleni nzima, na mgonjwa akakana kisukari chake kwa aibu, ilhali kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha kupona kwa kidonda cha jino.

Habari ya karafuu bibi aliisema kwa kusitasita, akitarajia kuchekwa. Daktari alimweleza kwamba mafuta ya karafuu hutumika hata kwao: huchanganywa na unga wa oksidi ya zinki ili kuziba jino kwa muda. Ila punje yenyewe, ikikaa mno, huweza kuunguza ufizi, na haiondoi uozo ulio ndani. Nilimwona bibi akikaa vizuri zaidi kitini.

Siku hiyo jino halikung'olewa. Daktari alitoa usaha, akaandika dawa na kumpa miadi, akieleza kwamba nyama yenye usaha huwa na asidi inayoizuia ganzi kuingia ipasavyo kwenye mshipa wa fahamu, hivyo mgonjwa huweza kuchomwa sindano sawasawa na bado akaumia. Nikamkumbuka yule wa zamani. Huenda bibi alikemewa kwa kusema kweli tupu.

Siku ya miadi bei ilitajwa kwanza, tukakubaliana. Kisha daktari akasema maneno ambayo natamani kila anayeshika koleo angeyajua: "Bibi, ganzi inaondoa maumivu, haiondoi msukumo. Utasikia ninasukuma, pengine utasikia na mlio, hilo lisikutishe. Lakini likikuuma, inua mkono wa kushoto, nami nitaacha." Mtu aliyepanuliwa kinywa hana namna ya kusema, na asipopewa ishara hubaki kulia au kumsukuma daktari, kisha akaonekana msumbufu. Baada ya sindano daktari alisubiri mpaka mdomo wa chini ukawa mzito upande ule, akaugusa ufizi kwa kifaa chenye ncha na kuuliza kama unachoma, ndipo akaanza.

Bibi aliinua mkono mara tatu. Mara ya kwanza aliongezewa ganzi. Mara ya pili, nadhani, hakuwa na maumivu yoyote. Alikuwa anampima yule kijana kama kweli ataacha. Aliacha. Mara ya tatu alitaka kumeza mate tu.

Alitoka akiwa ameng'ata pamba, ameagizwa aing'ate kwa nusu saa na asisukutue hadi siku ya pili, ambapo angetumia maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Ndani ya bajaji hakuweza kuzungumza, na kwa bibi yangu hiyo ni adhabu kubwa. Jioni aliponyoosha ulimi aliniuliza kama ni kweli jino la juu likitolewa jicho huharibika, maana ndivyo alivyosikia tangu utotoni. Nilimjibu kwamba mshipa wa fahamu wa meno ya juu ni mwingine kabisa, si ule wa kuonea. Akanyamaza kidogo, akagusa shavu la kulia, akauliza yule mwanawe yupo kazini siku gani.