Leo nimeshika chuma tena

Miezi minne na siku sita. Leo alfajiri nimerudi kwenye jimu yetu ya uani hapa Ngamiani, Tanga.

Wanaonijua wanakumbuka, nilikuwa nalala benchi nasukuma kilo 100. Siku ile, katikati ya seti ya tatu, kichwa kikaanza kugonga kama nyundo, macho yakaingia kiza, kifua kikabana. Nikajua ndiyo basi tena. Hospitali nesi alipima mkono wa kushoto, akanyamaza, akahamishia mkanda mkono wa kulia: 204 kwa 122. Nina miaka 38 na sikuwahi kuumwa presha. Au niseme ukweli, sikuwahi kupima. Jamani wenzangu wa vyuma, pimeni.

Daktari ndiye aliyenifungua macho: ukibana pumzi huku unasukuma mzigo mzito, presha inaruka juu ghafla. Na mimi miaka yote nilibana nikijua ndiyo nguvu yenyewe! Sasa natoa pumzi nikisukuma, navuta nikishusha. Aliniruhusu kurudi presha ilipotulia, kwa uzito mdogo kwanza.

Basi leo chuma kitupu, kilo 20. Kilikuwa cha baridi, kina umande. Mikono ilitetemeka. Kaka mwalimu alisimama kichwani kwangu, vidole viwili chini ya chuma, ananihesabia taratibu: "Pumua, mdogo wangu. Pumua."

Nimefika nane. Nilipoketi machozi yalinitoka, sikuyaficha. Mama watoto alikuwa ameshapiga simu mara tatu.