Canterbury kwa miguu: anzia mashariki

Wageni wengi wa mji huu wa Uingereza hukimbilia kanisa kuu, kisha abasia, makao ya zamani ya watawa, wanaipitia wamechoka. Geuza njia. Anzia St Martin's, kanisa dogo alilosali Bertha, malkia wa Kent, kabla mmisionari Augustine hajafika kutoka Roma mwaka 597. Tazama matofali ya Kirumi yaliyotumika tena ukutani. Halifunguliwi kila siku, kwa hiyo hakikisha ratiba kwanza.

Shuka hadi St Augustine's Abbey. Ni magofu, mengi yakiwa misingi tu, kwani Mfalme Henry VIII aliifunga mwaka 1538. Usipochukua ramani mlangoni utaona mawe na majani basi. Kwenye magofu hakuna pa kujikinga mvua, na tiketi yake si ile ya kanisa kuu.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi lango la Christ Church, la kuingilia kanisa kuu. Ndani, nenda kwanza upande wa kaskazini-magharibi, mahali Askofu Mkuu Thomas Becket alipouawa tarehe 29 Desemba 1170. Kisha panda ngazi za mahujaji kuelekea Trinity Chapel, ukitazama chini: mawe yamelika katikati kwa magoti na nyayo. Juu, mshumaa unaowaka sakafuni unaonyesha lilipokuwa kaburi lake hadi lilipobomolewa mwaka 1538. Kando yake amelala Black Prince, mwana wa Mfalme Edward III.

Jumapili ibada hupunguza saa za kutembelea. Ibada ya jioni haina kiingilio, ila huwezi kuzurura, na kwangu hiyo ndiyo raha yake.