Visiwa vya Ugiriki kwa feri: nilivyopanga safari mimi na shangazi

Safari yetu niliipanga kuanzia mwisho. Nilitazama kwanza ndege ya kurudi Ujerumani inaondoka Athens lini, nikarudi nyuma usiku mmoja, na hapo ndipo nikaweka feri ya mwisho. Mengine yote niliyaacha yayumbe. Sababu ni upepo. Julai na Agosti bahari ya Aegean hupigwa na upepo wa kaskazini unaoitwa meltemi, na huweza kuvuma siku kadhaa mfululizo huku mbingu ni nyeupe, hata wingu hakuna. Mtu anaamka, anaona jua limewaka, haamini akiambiwa boti leo haziendi.

Shangazi yangu ni Mpemba, alikuja kunitembelea Ujerumani. Alinipa sharti moja: asifungiwe ndani ya boti. Boti nyingi za kasi za huko zina viyoyozi na vioo, lakini abiria hukaa ndani safari nzima. Kwa hiyo nilikata tiketi za meli kubwa, zile zinazobeba magari na malori. Ni za polepole: kutoka Piraeus, bandari ya Athens, hadi kisiwa cha Paros ni kama saa nne na nusu, wakati boti ya kasi huchukua karibu saa tatu. Lakini nauli yake ni nafuu, ina sitaha ya wazi, na haitupwitupwi ovyo na mawimbi.

Piraeus ni bandari kubwa, usiende dakika za mwisho. Mageti yake yana herufi E na namba, na kutoka moja hadi jingine unaweza kutembea mpaka jasho likutoke. Meli za visiwa vya Cyclades mara nyingi hufunga gati kwenye geti E7, ng'ambo ya barabara kutoka stesheni ya metro. Za Krete na za Rhodes huwa mbali zaidi. Tiketi ilikuwa kwenye simu, na majina niliyaandika kama yalivyo kwenye pasipoti.

Melini unaingilia mlango wa nyuma, ule ule wa magari. Malori yanaingia kinyumenyume, pikipiki zinapita kwapani kwako, mabaharia wanapiga kelele. Ukutani kuna rafu za mizigo zenye majina ya visiwa: Paros, Naxos, Santorini. Unaweka begi kwenye rafu ya kisiwa unachoshukia, kisha unapanda juu. Shangazi alitazama ule mlima wa mabegi meusi yanayofanana, akafungua mkoba, akatoa kanga nyekundu na kuifunga kwenye mpini wa begi letu. Tulipofika Naxos wenzetu walikuwa bado wanasoma vitambulisho vya mabegi, sisi tumeshalichukua letu.

Kukaa nako kuna akili yake. Upepo unatoka kaskazini na meli inaelekea kusini mashariki, kwa hiyo wakati wa kwenda upande wa kulia ndio wenye kinga. Upande wa kushoto kofia zilikuwa zinaruka. Shangazi alikuwa na ndimu na tangawizi mkononi kwa ajili ya kichefuchefu, hakuvihitaji. "Mwanangu, hii si bahari," aliniambia. "Bahari ni mkondo wa Nungwi." Nikanyamaza, mtu aliyekua akivuka kati ya Pemba na Unguja humbishii habari za mawimbi.

Kushuka ndiko kunakotaka wepesi. Tangazo likitoka, teremka chini mapema usimame na wenzako kwenye joto la injini. Meli inageuka, inarudi nyuma hadi gatini, na mlango unaanza kushushwa kabla haijatulia. Dakika chache tu, wanaoshuka wameshuka, wanaopanda wamepanda, nayo imeondoka. Naxos utaijua kabla ya tangazo: kuna lango kubwa la marumaru limesimama peke yake juu ya kilima kando ya bandari, mabaki ya hekalu la Apollo ambalo halikumalizika kujengwa.

Kutoka Naxos tulichukua Express Skopelitis, meli ndogo inayopita visiwa vidogo hadi Amorgos: Irakleia, Schinoussa, Koufonisia. Hiyo niliipenda kuliko zote. Inashusha mboga, mitungi ya gesi, magodoro, na bibi mmoja mwenye ndoo ya mche wa limau aliyepokewa na nusu ya kijiji.

Tulikuwa Koufonisia mwenye nyumba alipotuambia upepo unakuja, nami nikatazama utabiri kwenye simu. Huko nguvu ya upepo hutajwa kwa kipimo cha Beaufort, na mamlaka za bandari huzuia meli kuondoka upepo ukizidi. Boti za kasi na meli ndogo huzuiliwa mapema, meli kubwa hustahimili zaidi. Hatukungoja. Tulirudi Naxos siku moja kabla ya ile tuliyopanga, tukalipa chumba kingine bila kunung'unika.

Kesho yake boti za kasi zilizuiliwa. Vijana waliokuwa na tiketi zao walipanga foleni mbele ya ofisi ya tiketi, kila mmoja achague kurudishiwa nauli au kupangiwa meli nyingine. Meli yetu kubwa ilichelewa, lakini ilikuja. Shangazi aliitazama ile foleni akasema, "Waliokata ya kasi ndio watakaofika mwisho."

Tulifika Piraeus usiku, tukalala hoteli ya karibu na bandari. Asubuhi tulipanda metro laini ya 3, ambayo tangu 2022 inatoka Piraeus moja kwa moja hadi uwanja wa ndege, kama saa nzima hivi. Treni za kwenda uwanjani hazifuatani kama za mjini, kwa hiyo tazama ratiba kwanza, na ukate tiketi ya uwanja wa ndege. Ile ya kawaida ya mjini haifiki huko.