Jicho la kushoto: Lubumbashi hadi Kolwezi kwa Hiace

Hiace yetu ina usukani upande wa kulia. Ilitoka Japani, ikashuka bandarini, ikakatiza Zambia na kuingia Kongo kwa mpaka wa Kasumbalesa, kama zilivyoingia nyingi za Lubumbashi. Lakini hapa kwetu gari linapita upande wa kulia wa barabara. Kwa hiyo dereva anakaa ukingoni, karibu na nyasi, na akifika nyuma ya lori haoni kitu ila mgongo wa lori. Anayeona ni aliyekaa kushoto. Ndiye anayechungulia, ndiye anayesema "ngoja", ndiye anayesema "pita". Kwa kilomita 300 uhai wangu ulikuwa mdomoni mwa rafiki yangu, na wake mikononi mwangu.

Namwita Yaya. Kwetu aliyekutangulia kuzaliwa ni yaya wako, awe mwanaume au mwanamke, na huyu amenitangulia miaka mitatu. Hiace tuliinunua pamoja kwa deni. Siku za matanga na ndoa tunabeba viti vya plastiki, hema na masufuria makubwa, kutoka mtaa wa Kenya mpaka mtaa wa Ruashi, humuhumu Lubumbashi. Katikati ya juma mara nyingi inalala. Mwezi wa Julai mama yake, anayeishi na binti yake mtaa wa Katuba, alituomba tumfuatie kabati lake. Aliliacha Kolwezi kwa mdogo wake familia ilipohama. Tulipokuwa tumeshasimama mlangoni akaongeza, kwa sauti ya mtu anayekumbuka jambo dogo: "Mukipita ku Kasulo, muangalie kama muti yangu ya maembe ingali iko."

Kwa basi tungefika kwa nusu siku. Tulikuwa na siku nne kabla ya ndoa ya Ijumaa, na dola 180 kwa wote wawili, kwenda na kurudi. Mafuta yalimeza zaidi ya nusu, na peaje, ushuru wa barabara, zikachukua sehemu yake. Hoteli haikuwemo kwenye hesabu. Tuling'oa viti vya nyuma, tukatandika godoro la sponji, tukapakia mbabula, yaani jiko la mkaa, na gunia dogo la makala, ndio mkaa wenyewe. Kutoka soko la Kenya tulichukua unga wa mahindi, nyanya, chumvi na samaki wanne wa tomson waliokaushwa na chumvi. Nawashauri wote wanaotaka kufanya kama sisi: jazeni tangi kituoni kabla ya kutoka. Yale ya chupa kando ya barabara, ya akina kadhafi wanaouza mafuta kwa rejareja, yanaweza kuwa na maji, na gari likizima katikati ya pori hela zote ulizookoa zinaishia kwa fundi.

Tulitoka alfajiri, bomba la moshi la kiwanda cha zamani cha kuyeyushia shaba likiwa bado halionekani vizuri gizani. Julai huku ni baridi kweli. Watu wa pwani hawaamini nikiwaambia, lakini Lubumbashi iko juu, mita 1,200 hivi, na asubuhi pumzi yako unaiona. Mji ulipokwisha vikaanza vichuguu. Sijui nchi nyingine yenye vichuguu kama vya Katanga, vingine virefu kuliko nyumba, vina miti juu yake. Wanakijiji wanavikata kama mkate, udongo wake wanafyatulia matofali, na kandokando unaona tanuru zinatoa moshi. Kiangazi ni wakati wa kuchoma nyasi pia, hivyo hewa yote ina harufu ya majivu. Magunia ya makala yamesimama mistari mistari, yamefungwa nyasi mdomoni, na mwenyewe humwoni mpaka upunguze mwendo.

Halafu malori. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia inachimbwa nchini mwetu, na sehemu kubwa inapita kwenye lami hii, pamoja na shaba. Yanayoshuka yamebeba mabamba ya shaba yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, mekundu yaliyofifia kama tofali lililonyeshewa, au magunia makubwa meupe ya kobalti. Yanayopanda yanaleta tindikali na salfa za kusafishia madini. Hayo ndiyo tuliyokuwa nyuma yake.

"Ngoja," anasema Yaya, ametoa kichwa dirishani. "Ngoja kwanza. Moja inakuja. Ngoja... Iko bule. Pita!"

Nikisikia "pita" sifikirii tena. Nakanyaga, natoka kushoto, na kwa sekunde kadhaa naona kwa mara ya kwanza kile alichokuwa akikiona yeye: barabara tupu, ndefu, inapanda kilima. Mara ya kwanza jasho lilinitoka mgongoni. Kufikia mara ya kumi nilikuwa nakanyaga hata kabla hajamaliza neno, naye akanikaripia: "Mudogo, ungoje nimalize kusema." Alikuwa na haki.

Kabla ya Likasi tulivuka mto Lufira. Daraja hili babu yangu alilitaja sana. Septemba 1961, wakati Katanga, jimbo letu, ilikuwa imejitenga na Kongo, askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Ireland, wapatao 150, walizingirwa Jadotville, jina la Likasi la wakati huo, na wenzao waliokwenda kuwaokoa wakakwama hapa Lufira. Siku tano wale waliozingirwa walipigana, kisha risasi na maji vikawaishia, wakajisalimisha. Babu alikuwa kijana. Alichokumbuka yeye ni foleni ya watu waliobeba magodoro kichwani, wakiondoka mjini kwa miguu. Nilipunguza mwendo. Chini ya daraja mwanamke alikuwa anafua mashuka, ameyatandaza juu ya mawe.

Likasi ni kilomita 120 tu kutoka nyumbani, lakini tulilala. Naupenda mji ule. Una vilima, una miti mikubwa barabarani, nyumba za zamani za wafanyakazi wa migodi zimejipanga, na watu wanatembea bila haraka. Tuliomba kuegesha uani mwa parokia moja na padri akakubali, mradi tusipige muziki. Tulisonga bukari, ugali wetu, nje, tukachemsha tomson mara mbili kutoa chumvi, tukaikaanga na nyanya. Zamu wa pale, yaani mlinzi, mzee mwenye koti la kijeshi lililochakaa, tulimkaribisha. Aliosha mikono polepole, akala tonge chache, akashukuru.

Saa nne usiku baridi ilitushika mifupani. Nikabeba mbabula, makala bado mekundu, ili niiingize garini. Yule mzee alikuja akikimbia, mzee yule ambaye mchana alitembea kwa fimbo.

"Hapana, batoto yangu! Musiingize ile mu motokari. Makala inauaka batu, na hautasikia kitu. Unalala tu."

Alinipokonya kweli, akaimwagia mchanga. Kisha akatuambia kwamba alizika watoto wawili wa jirani yake kwa namna hiyohiyo, chumba kimefungwa, mbabula katikati, nyuso zao kama za watu waliolala usingizi mzuri. Tulilala tumejifunika hema la ndoa. Sikupata usingizi mapema. Nilikuwa nasikiliza Yaya anavyopumua. Ninayeandika haya niko hai kwa sababu ya mzee ambaye jina lake sikuuliza, na hilo linaniuma. Kila anayelala garini wakati wa baridi, naomba ayashike maneno yake.

Siku ya pili tuliiacha Likasi jua likichomoza. Upande wa kushoto, ndani ya msitu, ndiko Shinkolobwe, kulikochimbwa urani nyingi ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Mgodi ulifungwa rasmi mwaka 2004. Kwa macho hakuna cha kuona, miti ya miombo tu na vumbi. Nimekulia karibu na mahali hapo na shuleni hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza ukubwani, na tangu hapo siwezi kupita bila kunyamaza.

Tairi la nyuma lilitoboka kabla ya Fungurume, na la akiba lilikuwa halina upepo, kosa langu. Nilijikokota kwa mwendo wa miguu hadi kwa kwado, mziba matairi, wa kwanza: kijana chini ya mti, tairi kuukuu limetundikwa tawini kama alama. Umri wake labda miaka 17. Alitoa mpira wa ndani, akauzamisha kwenye beseni, akatafuta mapovu. Akakwangua palipotoboka kwa kipande cha msumeno, akaweka kiraka cha mpira mbichi, akakibana chini ya pistoni ya zamani ya injini. Ndani ya ile pistoni akamimina petroli kidogo, akaiwasha. Moto mdogo wa buluu ukawaka pale juu, yeye amechuchumaa, mkono mmoja karibu, anapima joto kwa ngozi yake. Hakutazama saa. Ulipozimika alingoja kidogo, akafungua, akapitisha kidole gumba juu ya kiraka kama mtu anayempapasa mtoto shavu. Nyuma yake malori ya madini yalipita moja baada ya jingine, ardhi inatetemeka, na hakugeuka hata mara moja. Kiraka kile hakijavuja mpaka leo. Alidai franka 5,000, tukampa 10,000.

Karibu na Kolwezi tulivuka Lualaba. Maji haya yanakwenda kaskazini mpaka Kisangani, na baada ya hapo yanaitwa mto Kongo. Yaya alisema utotoni alidhani ni mto wao wa Kolwezi peke yao.

Mama mudogo wake anakaa Manika, humo Kolwezi. Alitupokea kwa sombe, majani ya muhogo, na machozi, akatuonyesha kabati: mbao nzito, milango miwili, kioo kimoja kimepasuka pembeni. Alikuwa amelipaka mafuta wiki nzima kabla hatujafika.

Kesho yake asubuhi tulikwenda Kasulo, mtaa walikokaa akina Yaya zamani. Mwaka 2014 mtu mmoja alikuwa anachimba shimo kwenye kiwanja chake pale, akagonga heterojeniti, jiwe jeusi lenye kobalti. Baada ya miezi michache mtaa mzima ulikuwa unachimba: uani, jikoni, chini ya vitanda. Kwa akina Yaya pia jirani alichimba mpaka ukuta wao ukapata ufa. Halafu mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikatengwa kwa uchimbaji, mamia ya familia zikapewa fedha zihame. Fedha za mama yake zilikwisha kwa kodi na hospitali. Hii naisema kwa hasira, na sioni sababu ya kuificha: mtu asitolewe kwenye kaburi la kitovu chake kwa fedha za miaka miwili.

Tulifika kwenye ukuta. Mrefu, mlinzi getini, malori yanaingia. Yaya alishuka, akatembea kando yake akihesabu kwa sauti ndogo, hatua za njia ya shule. Alisimama mahali fulani, akasema, "Ni hapa, karibu." Akajiinua kwa vidole vya miguu. Juu ya ukuta kulikuwa na anga tu na vumbi jeupe. Mama mmoja aliyeuza ndizi upande wa pili wa barabara alituuliza tunatafuta nini. Yaya akamwambia: muti ya maembe. Yule mama hakushangaa. Alisema hata wa kwao ulikuwa humo, akampa ndizi mbili, akakataa hela.

Tulipakia kabati, tukalizungushia godoro na hema, tukashika njia ya kurudi. Kabla ya Fungurume tulikuta lori la shaba linapanda mlima kwa mwendo wa mtu anayetembea. Yaya alikuwa ameegemea dirisha, lakini hachungulii. Sikumwuliza. Nilikaa nyuma ya lile lori, moshi wake unaingia ndani, kilomita baada ya kilomita. Magari ya nyuma yalipiga honi, yakatupita. Hata "ngoja" hakusema.

Labda ilipita nusu saa. Kisha akafuta uso kwa kiganja, akatoa kichwa nje.

"Ngoja," akasema. "Kuna basi. Ngoja... Pita, mudogo."

Tulifika Katuba usiku wa Alhamisi. Vijana wanne wa mtaani walitusaidia kushusha. Mama alitoka na taa, akafungua milango ya kabati, akaifunga, akaifungua tena, akapitisha kidole kwenye ufa wa kioo. Hapo ndipo akauliza.

"Mama, hatukuuona," Yaya akamjibu. "Kuna ukuta."

Mama alinyamaza kidogo. Akasema maembe yake yalikuwa na nyuzi, yanakwama katika meno, lakini matamu. Halafu akatuuliza kama tumekula.